Gari la Moshi Lisilo na Moshi

Kiswahili kinaliita garimoshi,
na Wilf Ollerenshaw, dereva wa Sheffield,
angecheka kulisikia jina hilo:
la kwake halikutoa moshi hata wa sigara.
Palipo na moshi, wanasema, pana moto;
hapa moto ulipita juu, kwenye waya,
volti elfu moja na mia tano,
kimya kama mtu aliyenuna.

Alikuwa ametoka kwenye makaa.
Miaka kumi na mmoja ya koleo,
shuka za Hilda zikianuliwa na madoa ya masizi,
na handaki la Woodhead, ambamo wachochea moto
walijifunga vitambaa vibichi puani.
Kisha likachimbwa jipya, maili tatu za mwamba,
na Wilf akaenda kazini na shati jeupe,
akarudi nalo jeupe.
Hilda aliinusa kola. Akamtazama kwa shaka.

Injini za abiria zilikuwa saba,
kila moja na jina la kike la hekaya za Wayunani.
Wilf hakujua Kiyunani. Aliwaita wasichana.
Alichowapendea ni hiki:
treni iliyoteremka, ikijizuia,
iliurudisha umeme kwenye waya,
na ile iliyopanda, imelemewa,
ikauchukua.
“Anayeshuka anamsukuma anayepanda,”
alimweleza bintiye Maureen mezani,
uma ukishuka kilima cha viazi,
kijiko kikipanda.

Kwingineko nchi ilishikwa na pupa.
Dizeli ziliagizwa kama maandazi ya asubuhi,
za kiwanda hiki, za kiwanda kile,
kabla ya ile ya kwanza kunyeshewa vya kutosha.
Haraka haraka, na baraka hatukuiona.
Nyingine zilivuja, nyingine ziliwaka,
nyingine hazikuwa na kosa
ila kutofanana na wenzao;
zikakatwa kabla ya kutimiza miaka kumi,
rangi yake ya kijani bado inang’aa,
huku vikongwe vya mvuke, vilivyohukumiwa kwanza,
vikiota kutu taratibu ufukweni Wales
mpaka watu wakachanga senti zao
wakavikomboa.
Kifo nacho kina foleni,
na foleni hiyo ina wanaorukwa.

Wasichana waliuzwa Uholanzi.
Saba walivuka.
Mmoja alitolewa viungo ili sita waishi.
Wilf akabaki na mizigo, makaa ya mawe
yakivutwa na umeme ule ule uliotokana na makaa,
hadi Julai ya themanini na moja,
treni ya mwisho, usiku, bila hotuba.

Mwaka uliofuata Hilda alitaka kuona maua.
Wakapanda meli, wakaona maua,
na siku ya tatu Wilf akapotea.
Hilda alimkuta stesheni ya Eindhoven,
uso umeelekea reli, koti mkononi.
Injini ikaingia, ya manjano kama ndimu iliyoiva,
haina jina ubavuni.
Aliijua kwa feni zake.
Dereva, kijana aitwaye Sjaak,
alimwona mzee akipapasa mlango,
akaufungua.
Kitasa kilikuwa kimelegea pale pale.
“Wamekupaka rangi ya kanari,” Wilf akasema,
kisha hakusema tena mpaka kwenye meli.

Amekufa sasa. Hilda pia.
Maureen hutembeza mbwa mahali palipokuwa na reli,
majani yanamfika magotini,
na mdomo wa handaki umefungwa kwa geti.
Ndani mmelazwa nyaya nene za gridi:
umeme bado unapita chini ya mlima,
peke yake, bila abiria,
kwenda kuchemsha mabirika ya watu.

Akirudi nyumbani naye huwasha la kwake.
Husikiliza lile sekunde moja
kabla maji hayajaanza kuongea.